Maziwa ya Kielelezo

Kwa miaka kumi na saba sikunywa chai ya maziwa, na katika muda huo wenzangu walinibunia maradhi ya kila namna. Kwenye semina wahudumu walinitengea birika dogo la chai ya rangi kwa ile heshima wanayopewa wagonjwa. Jaji mmoja mstaafu aliwahi kunivuta pembeni akaniandikia namba ya daktari wake wa vidonda vya tumbo. Vijana ninaowafundisha maadili ya taaluma wameamua, nami niliwasikia kwa masikio yangu wakinong'onezana kwenye ngazi, kwamba mimi ni muumini wa dhehebu fulani lisilotajwa. Sikuwahi kuwasahihisha. Mtu anayelipwa kuwafundisha wengine maadili hapendi kusimulia jinsi alivyojifunza ya kwake. Lakini mwezi uliopita Bi. Nyasinde, aliyekuwa karani wa masjala katika ofisi yetu ya mashtaka mjini Musoma na ambaye sasa ni mstaafu anayefuga kuku Nyasho, alinipigia simu alfajiri na, bila hata kunijulia hali, akasema, "Dada, yule bibi wa ng'ombe ametangulia. Tunazika Jumatano." Nilikaa kitandani nikaanza kupekua shajara yangu ya kazi. Naye, kwa kuwa ananifahamu, akaongeza, "Jumatano, dada. Na usiombe tarehe nyingine."

Ofisi yenyewe, mwaka ule nilioripoti, ilikuwa vyumba viwili vya ghorofani kule Mukendo, juu ya fundi cherehani na jirani na mama aliyekaanga sato kuanzia saa nne asubuhi, hata hati zetu za mashtaka zikafika mahakamani zikinukia samaki ilhali mshtakiwa ameiba baiskeli. Chumba cha kwanza kilikuwa cha Bi. Nyasinde na kabati la chuma ambalo mlango wake ulizuiwa kwa tofali. Cha pili kilikuwa cha mawakili watatu, nasi tulikuwa na meza mbili. Kwa kuwa kabati lilikwisha kujaa kabla sijamaliza shule ya msingi, majalada ya kila wilaya yalitunzwa ndani ya kiroba cha sembe, na juu ya picha ya hindi lililomenywa Bi. Nyasinde alikuwa ameandika kwa wino mzito MUSOMA, BUNDA na BUTIAMA. Nilimuuliza, kwa sauti niliyoidhani ya upole, kama huo ndio utaratibu wa kutunza nyaraka za Jamhuri. Alinijibu kwamba kiroba kina sifa moja ambayo kabati halina, nayo ni kubebeka. Mimi nilikuwa nimekuja na sanduku la vitabu vya wanafalsafa pamoja na maoni makali juu ya wazembe. Siku ya pili nilibandika ukutani karatasi niliyoiandika kwa herufi kubwa: KATIKA OFISI HII HAKUNA KESHO. Mkuu wetu, Bwana Magesa, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliisoma mara mbili. "Ni kweli," akasema. "Ila Jumatano ijayo ipo."

Nilimdharau kwa maneno hayo, na dharau ile ilidumu mpaka mwezi wa tatu. Mwezi huo Bwana Magesa aliitwa kukaimu katika mkoa mwingine kwa wiki mbili. Wiki za serikali, kama nilivyokuja kujifunza, si zile za kwenye kalenda. Alirudi mwaka ukiwa ukingoni. Mwenzangu wa pili, Rhobi, alikwenda likizo ya uzazi, akajifungua pacha, na sheria, kwa huruma ambayo siipingi hata leo, humwongezea siku mama wa pacha, naye akaziunganisha na likizo zote alizokuwa akidai. Nikabaki mimi, Bi. Nyasinde na viroba vitatu. Jumatatu nilikuwa Musoma, Jumanne na Alhamisi Bunda, Jumatano Butiama. Ijumaa ilikuwa ya kusoma majalada, na Ijumaa ndiyo siku ambayo kila mwananchi wa Mara mwenye lalamiko alikuwa ameambiwa kwamba wakili atakuwepo ofisini. Niliandika barua makao makuu nikieleza, kwa aya zilizopangwa vizuri na methali mbili, kwamba mtu mmoja hawezi kusimama katika mahakama za wilaya tatu. Baada ya wiki saba tukapokea bahasha nene. Bi. Nyasinde aliibeba kwa mikono miwili kama anayebeba keki. Ndani walinishukuru kwa barua yangu na kuniletea fomu mpya ya kuombea watumishi, ijazwe kwa nakala tano, ikiambatishwa na taarifa ya kila robo mwaka kuhusu jinsi upungufu wa watumishi unavyochelewesha taarifa. Bi. Nyasinde alikuwa na hoja kwamba nakala ya tano wangeifungia mandazi huko huko. Nilimkemea kwa kuivunjia serikali heshima, kisha nikajaza nne.

Anayetaka kujua jinsi mtu mwema anavyoharibika na asiangalie mambo makubwa. Mimi niliharibiwa na sentensi moja. Shauri linapotajwa, wakili husimama na kusema: "Mheshimiwa, upelelezi haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine." Hakimu huandika tarehe, mshtakiwa huinama, shauri linalofuata linaitwa. Mara ya kwanza niliitamka kwa aibu, kwa kuwa upelelezi kweli ulikuwa haujakamilika. Mara ya kumi niliitamka kwa sababu jalada lilikuwa ndani ya kiroba na kiroba sikuwa nimekifungua. Kufikia Juni niliitamka kama watu wanavyoitikia salamu. Harusini, huko Bunda, mshereheshaji alinipa kipaza sauti nimnasihi bibi harusi. Nikasimama, nikavuta pumzi, nikasikia kinywa changu kikisema "Mheshimiwa, upelelezi," na ukumbi mzima ukamalizia yaliyobaki kwa pamoja. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba nilikuwa na jina. Wilaya nzima ilikuwa ikiniita Mama Tarehe.

Hata hivyo nilijihesabu msafi, na usafi wangu niliupima kwa samaki. Siku moja mzee kutoka Bukima, ambaye mwanawe alikuwa na kesi ya nyavu haramu, alipanda ngazi na kuweka mezani sato wawili wakavu waliofungwa kwa ukindu, wakubwa kama kandambili za mtu mzima. Nilimhutubia kwa muda wa nusu saa. Nilimweleza asili ya rushwa, madhara yake kwa mataifa ya kale, na wajibu wa mtumishi kuogopa hata kivuli cha zawadi. Kisha nikamwandikia hati kwamba samaki wawili, wakavu, wamerudishwa kwa mwenyewe wakiwa kamili, naye akaweka dole gumba. Bi. Nyasinde, ambaye siku hiyo hakuwa amekula, aliwasindikiza kwa macho mpaka mwisho wa ngazi. "Dada," akasema, "samaki hana kesi." Nilimjibu kwamba uadilifu huanzia kwenye mambo madogo. Ile hati ningali nayo. Huwa naisoma ninapojiona bora kuliko watu.

Sasa nimfikie Bibi Wakuru. Alikuwa mjane wa kijiji kimoja wilayani Butiama, mwembamba, mrefu, na kila Jumatano alivaa kitenge cha akina mama wa parokia yake kana kwamba mahakama nayo ina ibada. Alikuwa na wajukuu wawili na ng'ombe mmoja. Ng'ombe huyo, mweusi mwenye baka jeupe begani, aliibwa Februari na kupatikana siku ya tatu kwenye korongo akiwa na kijana jirani aitwaye Burito. Burito alieleza kwamba hakumwiba, bali ng'ombe alimfuata. Alishtakiwa, akapata dhamana siku ile ile. Ng'ombe hakupata. Alisajiliwa kuwa kielelezo, akafungwa kwenye ua wa kituo kimoja kidogo cha polisi ambacho sitakitaja, naye bibi akaambiwa asubiri shauri lisikilizwe. Alisubiri. Kila Jumatano alikaa benchi la nyuma, mimi nikisimama na kusema sentensi yangu. Yeye na Burito walikuwa wakitembea njia moja kuja na kurudi, na kwa kuwa kusubiri huwafanya watu kuwa ndugu, kufikia Juni nilikuwa nikiwakuta wanagawana hindi la kuchemsha. Siku moja nilimsikia Burito akimwambia kwa uchungu, "Bibi, hata mimi nimechoka. Bora wanifunge wewe upate ng'ombe." Bibi akamwambia ale hindi.

Aliniandikia barua tatu. Ziliandikwa na katekista, kwa mwandiko wa kupendeza, nazo zote zilianza na salamu ndefu za Kikristo. Nilizisoma mpaka mwisho wa salamu, nikaandika pembeni "Subiri jalada," nikazitia katika kiroba cha Butiama. Jalada lenyewe lilikuwa humo humo. Sajenti Marwa, mkuu wa kituo kile, alikuwa ameniletea Machi, likiwa limekamilika, ramani ya korongo ikiwemo. Lilikuwa likingoja mtu wa kulisoma, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Nami kila Jumatano, kabla ya mahakama, nilipitia kituoni kwa Sajenti Marwa kuchukua majalada mapya. Nakikumbuka chumba kile kuliko nyumba niliyopanga: benchi lililosuguliwa na nguo za watu wenye wasiwasi, dirisha lililotazama ua, na mezani chupa kubwa ya chai yenye maua mekundu na vikombe vya bati vilivyobanduka rangi. Mwanzoni mwa mwaka walininywesha chai ya rangi. Kuanzia Mei chai ilibadilika. Ikawa nzito, ya rangi ya udongo wa mfinyanzi, na utandu uliotaka kung'ang'ania mdomo, tangawizi ikichoma kidogo nyuma ya koo, na pembeni viazi vitamu vya moto. Nilimuuliza sajenti wamepata wapi neema hiyo. Aliangalia dirishani akasema Mungu hawasahau waja wake walio katika mazingira magumu. Nilikunywa vikombe viwili, baadaye vitatu. Nilikuwa nimekonda kwa kazi, na chai ile, sitasema uongo, ndiyo iliyonibeba mwaka ule. Katika taarifa yangu ya robo mwaka nilikitaja kituo kile kwa jina na kupendekeza kipewe barua ya pongezi kwa kuweka mazingira bora ya kazi.

Jumatano moja ya Oktoba nilifika nikakuta hakimu anaumwa na mashauri yote yameahirishwa bila msaada wangu. Nikaenda kituoni kunywa chai kwa raha. Nilikuwa kwenye kikombe cha pili, kiroba kikiwa miguuni pangu, Bibi Wakuru alipoingia uani na mzigo wa majani mabichi kichwani. Kupitia dirishani nilimwona akiutua mbele ya ng'ombe, akimsugua shingo, akizungumza naye Kizanaki. Nyuma ya ng'ombe alitokea ndama. Kisha bibi akaja mlangoni kunawa mikono kwenye ndoo, akaniona. Nikamwamkia, akaitikia marahaba. Akakitazama kikombe changu kwa muda.

"Hiyo chai ni tamu, mwanangu?"

"Tamu sana, bibi."

"Lazima iwe tamu. Majani ninaletaga mimi." Akajifuta mikono kwenye kitenge. "Ng'ombe yangu inakulaga kwangu, inakamuliwaga hapa. Wajukuu wanakunywa uji mkavu, Mama Tarehe anakunywa maziwa. Sijakasirika. Nimeuliza tu kama ni tamu."

Hakuinua sauti hata kidogo. Sajenti Marwa alishikwa na kikohozi kirefu, na alipopona aliona vyema kunieleza kitaalamu kwamba ng'ombe asipokamuliwa huugua kiwele, kwamba kielelezo kikiugua kituo ndicho kinachowajibika, na kwamba maziwa hayawezi kuhifadhiwa kwenye bahasha ya vielelezo. Nikamuuliza kuhusu ndama. Alisema ndama yule ana utata, maana amezaliwa mikononi mwa polisi na hana namba. Mimi nilikuwa bado na tonge la chai kinywani, kama tonge la chai linawezekana. Naapa lilikuwa limeganda. Kulimeza ilikuwa dhambi na kulitema mbele ya bibi ilikuwa tusi. Nikameza. Nilifungua kiroba pale pale sakafuni, nikatafuta barua zake tatu kati ya mbuzi, nyavu na matusi ya vilabuni, nikazisoma kupita salamu. Katika zote alikuwa ameomba jambo moja: ng'ombe apigwe picha, arudishwe nyumbani, na siku akihitajika mahakamani yeye mwenyewe atamleta. Sheria inaruhusu. Nilikuwa nimeisoma chuoni na kupata alama nzuri. Kuandika ombi kulinichukua muda wa kuchemsha yai.

Juma lililofuata mahakama ilijaa, kwa kuwa habari ya kikombe ilikuwa imetembea. Shauri la Burito likaitwa. Nilisimama, karatasi mkononi, nimelala nikiikariri hoja yangu, nikafungua kinywa. "Mheshimiwa, upelelezi haujakamilika." Nilisikia watu wakicheka hadi nje ya madirisha. Hakimu, ambaye hakuwa amenitazama tangu Julai, tayari alikuwa akiandika tarehe. Burito alijishika kichwa. Bibi Wakuru hakucheka. Aliinuka kwenye benchi la nyuma akaanza kukusanya kitenge chake ili aende zake, kwa utulivu wa mtu aliyezoea, na ule utulivu wake ndio ulionichoma. Nikasema naomba nisahihishe taarifa yangu. Hakimu akauliza nasahihisha tarehe ipi. Nikasema, "Mheshimiwa, upelelezi ulikamilika Machi. Jalada limekuwa kwangu miezi saba sijalisoma, na katika miezi hiyo nimekunywa maziwa ya mlalamikaji." Hakimu akaweka kalamu chini, akaniomba nirudie, tena polepole, kwa kuwa maneno ya mwisho alitaka kuyaandika kama yalivyo. Yamo katika kumbukumbu za mahakama mpaka leo.

Amri ilitolewa papo hapo. Sajenti alisimama kuuliza ndama aelekee wapi kisheria. Hakimu alimjibu kwamba ndama huenda alikokwenda mama yake, na kama sajenti ana shaka amuulize ndama. Jioni ile ng'ombe alipigwa picha kwa simu ya konstebo, uso na ubavu, kama mhalifu. Ila alipofunguliwa alikataa kuondoka. Askari watatu walimvuta, mmoja akamsukuma, naye amekita miguu kama nguzo. Ndipo Burito, aliyekuwa amesimama pembeni, alipopiga mluzi mdogo, na ng'ombe akamfuata mwenyewe, ndama nyuma, bibi nyuma ya ndama, mpaka wakapotea kwenye kona. Sajenti Marwa alinigeukia akaniuliza kama ule ni ushahidi. Nilimwambia sijui ni wa upande gani. Rhobi aliporudi na kuliendesha shauri lile, Burito aliachiwa kwa mashaka, na naamini mashaka yalikuwa ya haki.

Nimeifikiria sana tofauti kati ya samaki wale na chai ile. Upungufu wa watu ulikuwa wa kweli. Ningeweza kuuapia, na nakala nne za fomu zinanishuhudia. Kesi zilizolala mwaka ule hazikulala kwa sababu nilikuwa mvivu. Lakini uchovu ulinipa ruhusa ambayo hakuna aliyeisaini, ruhusa ya kutosoma zaidi ya salamu, na niliitumia nikiwa nimesimama wima, mikono mitupu, nikijipongeza kwa samaki niliowafukuza. Zawadi inayopanda ngazi na kuwekwa mezani nilijua kuikataa. Ile iliyomiminwa kwenye kikombe kila Jumatano sikujua hata kuiuliza jina la mwenyewe. Niliapa siku ile, kwa ukali wa watu wenye umri wa miaka ishirini na tisa, kwamba sitagusa tena chai ya maziwa, na ofisi ilipopata mawakili wapya, wakawa sita, na kabati la pili, niliendelea kuapa.

Jumatano tulimzika. Mimi na Bi. Nyasinde tulikaa mkekani na akina mama wa parokia, wote katika kitenge kile kile, na nilisikia nyuma yangu mmoja akimweleza mwingine kwamba yule mwenye miwani ndiye Mama Tarehe, amefika kwa wakati, maajabu. Baada ya maziko Wegesa, binti wa marehemu, alipita akigawa vikombe. Aliponifikia alikuwa na chupa nyingine ya pekee, akanimiminia. Ilikuwa nzito, ya rangi ya udongo wa mfinyanzi. Kwa mazoea ya miaka yote hiyo nilimuuliza kama ipo ya rangi.

"Ipo," akasema. "Ila mama alisemaga ukija upewe hii. Ni maziwa ya mjukuu wa yule ndama." Akasubiri. Bi. Nyasinde alikuwa ameuelekeza uso wake kwenye migomba. Nikaanza kueleza habari ya kiapo, asili yake na sababu zake, mpaka Wegesa akaniinamia, akasema taratibu kama anayemtuliza mtoto, "Kunywa tu, dada. Upelelezi umekamilika."

Nikanywa. Tangawizi ilizidi kidogo. Niliomba kikombe cha pili.